Kubadilisha picha ndani ya Smart Object bila ukubwa kuvurugika

Kazi ya vitambulisho vya shule huonyesha tatizo hili kuliko kazi nyingine yoyote. Kiolezo kimoja kimepangwa vizuri kwenye Photoshop, na picha ya mwanafunzi imekaa ndani ya leya (tabaka la picha) ya aina ya Smart Object. Unabofya "Replace Contents", unachagua picha ya mwanafunzi anayefuata, na badala ya uso kukaa kwenye nafasi yake, unaona pua na jicho moja vimejaza kadi nzima. Picha inayofuata inaingia ndogo, na pembeni unabaki mstari mweupe. Ya tatu inakaa sawasawa. Zote tatu ukizifungua peke yake kwenye kompyuta zinaonekana za kawaida kabisa.

Wengi hapo hubonyeza Ctrl+T na kuanza kuvuta picha kwa macho. Kwa kadi moja haina neno. Kwa shule nzima, kila uso utatoka na ukubwa wake, na mwalimu mkuu akizipanga kadi mezani ataona mara moja. Dawa ni kulinganisha rezolusheni (idadi ya pikseli, yaani nukta za picha, kwa kila inchi) ya picha mpya na ile ya picha iliyomo kabla ya kubadilisha.

Nitatumia mfano wa kitambulisho cha ukubwa uleule wa kadi ya benki, ambao ni wa kimataifa: milimita 85.6 kwa 53.98. Kwa rezolusheni ya pikseli 300 kwa inchi, kadi hiyo ni pikseli 1011 kwa 638. Nafasi ya picha tuifanye milimita 25 kwa 30, yaani pikseli 295 kwa 354.

Kwanza, elewa programu inapima nini

Smart Object ni leya iliyobeba faili zima ndani yake. Ipo kwenye Photoshop tangu toleo la CS2 la mwaka 2005. Ukiipunguza, ukiizungusha au ukiikunja, faili la ndani halibadiliki, kinachohifadhiwa ni maagizo: "punguza kiasi hiki, zungusha kiasi hiki, weka hapa." Unapobadilisha kilichomo, maagizo yanabaki yaleyale na faili jipya linavalishwa. Kama picha ya kwanza ilipunguzwa hadi asilimia 40, mpya nayo itapunguzwa hadi asilimia 40 ya ukubwa wake yenyewe.

Sasa huo "ukubwa wake yenyewe" ndio chanzo cha matatizo. Photoshop haiangalii pikseli peke yake. Inachukua idadi ya pikseli, inaigawa kwa rezolusheni iliyoandikwa ndani ya faili, na kupata ukubwa wa picha kwa inchi kana kwamba inakwenda kuchapwa. Picha ya pikseli 295 kwa 354 yenye rezolusheni ya 300 ni milimita 25 kwa 30, kama tulivyotaka. Picha hiyohiyo, pikseli zilezile, ikiwa imeandikwa 72, inahesabiwa kuwa milimita 104 kwa 125. Hiyo inazidi hata upana wa kadi yenyewe! Ikiwa imeandikwa 350, inasinyaa hadi milimita 21 na ushee, na hapo ndipo unapopata ule mstari mweupe pembeni.

Na namba hizi zinatofautiana kwa sababu kila kifaa huandika yake. Simu nyingi huandika 72. Kamera za Canon mara nyingi huandika 72, za Nikon 300, za Sony 350. Faili lisilo na namba yoyote Photoshop hulichukulia kuwa la 72. Kwa hiyo picha za shule moja zilizopigwa na watu wawili kwa kamera mbili zitakuwa na tabia mbili, hata kama zote zimekatwa kwa pikseli sawa.

Hapa niseme jambo moja ambalo huleta ubishi mwingi kwenye stesheneri na viwanda vidogo vya kuchapa. Utasikia mtu akirudisha picha ya mteja kwa sababu "ni ya 72, haitatoka vizuri." Namba hiyo peke yake haisemi chochote kuhusu ubora. Picha ya simu ya pikseli 3000 kwa 4000 iliyoandikwa 72 ina taarifa zilezile kama ikiandikwa 300. Ukitaka kujua kama itatoka vizuri, gawa pikseli kwa inchi za karatasi utakayochapa. Picha hiyo kwenye nafasi ya milimita 25 ina pikseli nyingi kupita mahitaji. Ile iliyotumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, ambayo upande mrefu umeshuka hadi kama pikseli 1600, kwenye kitambulisho bado inatosha kabisa, lakini kwenye bango la A3 lenye urefu wa inchi 16.5 itakuwa na pikseli 97 tu kwa kila inchi, na ukiisogelea utaiona imelegea. Kubadilisha 72 kuwa 300 kwenye faili hakuongezi hata pikseli moja. Kunabadilisha kipimo ambacho programu inatumia kuipanga picha, na kwa kazi yetu ya leo hicho ndicho tunachokihitaji.

Hatua ya 1: Soma vipimo vya picha iliyomo

Fungua kiolezo. Kwenye orodha ya leya, bofya mara mbili kijipicha cha leya ya Smart Object. Kilichomo kitafunguka kwenye dirisha lake. Bonyeza Ctrl+Alt+I, au Command+Option+I kwa watumiaji wa Mac, ili kufungua dirisha la "Image Size". Andika pembeni vitu vitatu: upana kwa pikseli, urefu kwa pikseli, na rezolusheni. Funga bila kuhifadhi.

Usiruke hatua hii kwa kudhani kilichomo kina rezolusheni sawa na ya kiolezo. Kama mtengenezaji wa kiolezo alichukua leya ya kawaida na kuigeuza kwa "Convert to Smart Object", kilichomo hurithi rezolusheni ya waraka. Lakini kama aliburuta picha moja kwa moja kutoka kwenye folda, kilichomo kimebaki na namba yake ya asili, iwe 72, 240 au nyingine. Mokapu za bure za mtandaoni (picha za mfano zinazoonyesha mchoro ukiwa kwenye bidhaa), zile za fulana na vikombe, zina kila aina ya namba.

Ukikuta namba za ajabu, kwa mfano pikseli 1837 kwa 2211 na rezolusheni ya 240, una njia mbili. Unaweza kuzifuata hivyohivyo kwa picha zako zote. Au, kama kiolezo ni chako na kina kazi nyingi mbele, kirekebishe mara moja: chora mstatili wa milimita 25 kwa 30 kwenye kiolezo cha pikseli 300 kwa inchi, ugeuze kuwa Smart Object, uuweke mahali pa ile ya zamani. Mimi hupendelea njia hii ya pili. Kiolezo chenye vipimo vya kueleweka kinaweza kukabidhiwa kwa mwenzako bila maelezo marefu.

Hatua ya 2: Andaa picha mpya

Fungua picha ya mwanafunzi. Chukua zana ya kukatia kwa kubonyeza C. Juu kabisa, kwenye upau wa chaguo, fungua orodha ya kwanza na uchague "W x H x Resolution". Jaza 25 mm, 30 mm na 300. Kisha hakikisha kipimo cha mwisho kinasomeka "px/in". Kikiwa "px/cm", 300 yako itakuwa sawa na 762 kwa inchi na picha itapata pikseli mara mbili na nusu kwa kila upande bila sababu.

Weka pia alama ya tiki kwenye "Delete Cropped Pixels". Bila tiki hiyo, sehemu zilizokatwa zinafichwa tu, picha inageuka leya, na ukitaka kuhifadhi kama JPG programu itaanza kukuuliza maswali.

Sogeza fremu mpaka uso ukae vizuri: macho juu kidogo ya katikati, nafasi ndogo juu ya kichwa, mabega yote mawili yaonekane. Bonyeza Enter. Kwa kitendo hicho kimoja umepata uwiano, idadi ya pikseli na rezolusheni kwa pamoja. Hifadhi kwa "Save As", aina ya JPG, ubora 10 au zaidi. Usitumie "Save for Web", kwa sababu njia hiyo hutupa namba ya rezolusheni, na ukilifungua tena faili lako litasomeka 72.

Jambo moja la kuangalia: zana hii hukupa pikseli 295 kwa 354 hata kama eneo ulilolikata lilikuwa na pikseli 90 tu. Uso uliochomolewa kwenye picha ya darasa zima utavutwa ukubwa na kutoka kama umefunikwa na ukungu. Ikiwa mtoto hakuwepo siku ya kupiga picha, ni afadhali kuomba apigwe upya ukutani hata kwa simu ya mwalimu.

Kama hutaki kupunguza pikseli, labda kwa sababu shule itataka picha hizohizo baadaye kwa jarida au bango la mahafali, kuna njia nyingine. Kata kwa uwiano tu: kwenye orodha ileile chagua "Ratio" na ujaze 5 na 6. Kisha fungua "Image Size", ondoa tiki kwenye "Resample", na kwenye upana andika 25 mm. Rezolusheni itajibadilisha yenyewe. Picha ya pikseli 3000 kwa 3600 itasomeka 3048. Namba inashangaza, lakini ni halali: hakuna pikseli iliyoguswa, na kwa kipimo cha milimita picha ni ileile 25 kwa 30. Itaingia kwenye nafasi bila kuyumba. Hasara yake ni uzito, maana kila picha utakayoingiza itaongeza ukubwa wa faili la kiolezo.

Hatua ya 3: Badilisha

Rudi kwenye kiolezo. Bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya jina la leya, sio juu ya kijipicha chake, na uchague "Replace Contents". Chagua faili, bofya "Place". Hakuna haja ya Ctrl+T.

Jaribu kwa picha moja kwanza, kisha nyingine kutoka kamera tofauti. Zikikaa sawa zote mbili, endelea na zilizobaki. Isipokaa, rudi hatua ya 1 na usome namba upya. Karibu kila mara utakuta kilichomo hakikuwa na rezolusheni uliyodhani.

Iwapo kiolezo kina picha kubwa mbele na nyingine ndogo iliyofifia pembeni, kama vitambulisho vingi vya siku hizi, ile ndogo iwe imetengenezwa kwa Ctrl+J kutoka kwenye kubwa. Nakala za aina hiyo zinashiriki faili moja la ndani, hivyo ukibadilisha moja zinabadilika zote. Kinyume chake, ukiwa unapanga kadi kumi kwenye karatasi ya A4, mbili kwa mstari na mistari mitano, kila nafasi inataka sura yake. Hapo nakala zitengenezwe kwa "New Smart Object via Copy", la sivyo utapata mwanafunzi mmoja mara kumi.

Njia ya kuingia ndani

Kwenye mokapu, ambako picha imekunjwa kufuata mikunjo ya fulana au mviringo wa kikombe, mimi situmii "Replace Contents" kabisa. Naingia ndani. Bofya mara mbili kijipicha cha leya, kilichomo kifunguke, kisha weka mchoro mpya humo kwa "Place Embedded", usogeze na uupimie ndani ya mipaka unayoiona. Zima leya ya zamani. Ctrl+S, funga dirisha. Ukirudi kwenye mokapu, mchoro umeshakaa na mikunjo yake.

Uzuri wa njia hii ni kwamba kanvasi ya ndani haibadiliki, wala rezolusheni yake. Hata mchoro ukija na namba gani, unapimwa dhidi ya kanvasi ambayo tayari inakubaliana na mokapu. Photopea, inayofanya kazi kwenye kivinjari bila malipo, nayo hufungua Smart Object kwa kubofya mara mbili, kwa hiyo mwenye kompyuta isiyo na Photoshop hajaachwa nje.

Mtego wa njia hii uko kwenye aina ya faili la ndani. Kama kilichomo ni JPG na umeongeza leya juu yake, ukibonyeza Ctrl+S programu itafungua dirisha la kuuliza uhifadhi wapi, kwa sababu JPG haiwezi kubeba leya. Ukihifadhi mahali pengine, mokapu haitabadilika na utabaki unashangaa. Unganisha leya kwanza kwa "Flatten Image", halafu hifadhi. Au, kwa kazi ya kudumu kwenye leya isiyokunjwa, chagua leya ile kwenye kiolezo na ubofye "Convert to Smart Object" mara nyingine: sasa kilichomo kitakuwa faili la PSB, ambalo hubeba leya nyingi bila lalamiko.

Kwa nafasi ya mstatili mtupu, isiyokunjwa wala kuinamishwa, kuna kitu rahisi zaidi. Tangu toleo la CC 2019 kuna zana ya fremu, herufi K. Chora fremu, buruta picha juu yake, na picha itajipima yenyewe ijaze fremu. Shida yake kwa vitambulisho ni kwamba inajaza bila kujua uso uko wapi, kwa hiyo bado utahitaji kukata picha vizuri kabla.

Picha zikiwa mia kadhaa

Kukata kila uso kwa mkono ni kazi ya siku nzima. Kazi hiyo hupungua sana ukiisimamia tangu wakati wa kupiga picha. Weka kamera kwenye stendi, weka alama ya chaki sakafuni pa kusimama, pandisha na shusha stendi kulingana na kimo cha mtoto, na usiguse zumu. Nyuso zote zitakuwa karibu mahali pamoja kwenye picha, na mkato mmoja utazitosha nyingi.

Kisha rekodi "Action" (mlolongo wa hatua ambao programu huurudia yenyewe) yenye hatua mbili: kukata kwa uwiano wa 5 kwa 6, halafu "Image Size" ikiwa na tiki ya "Resample", upana pikseli 295, rezolusheni 300. Iendeshe kwa folda nzima kupitia "File", "Automate", "Batch", na uelekeze matokeo kwenye folda mpya ili picha za asili zibaki salama. Pitia matokeo kwa jicho, rekebisha kwa mkono wale wachache waliokaa vibaya, na endelea na hatua ya 3.

Kabla hujamkabidhi mtu kiolezo

Hili halihusu ukubwa, ila linatokana na jinsi Smart Object inavyofanya kazi, na naliona likipuuzwa. Leya hiyo hubeba faili zima. Ukiingiza picha ya mtoto kama ilivyotoka kwenye simu na kuificha kwa maski ili uonekane uso tu, picha nzima bado imo: uwanja wa shule, watoto waliosimama nyuma yake, namba ya gari lililoegeshwa. Yeyote utakayempa kiolezo anaweza kubofya mara mbili na kuiona yote, au kuitoa nje kwa "Export Contents".

Kwa hiyo kabla ya kumtumia mwenzako kiolezo au kukiweka mtandaoni, badilisha kilichomo kwa kivuli cha kijivu (picha tupu ya kushikilia nafasi) cha milimita 25 kwa 30, pikseli 300 kwa inchi. Kihifadhi kivuli hicho kwenye folda ya kazi kwa jina linaloeleweka, kwa mfano "kivuli-295x354-300.jpg". Ukimaliza shule moja, kirudishe ndani. Atakayepokea kiolezo atasoma vipimo kwenye jina la faili, bila kuona sura ya mtoto wa mtu.